Nguo ya Kati ya Mlimani

Mwezi wa kumi, Tabora, hakuna mtu anayeuliza jaketi. Jua likishapanda juu ya mabati ya Kanyenye hata mbwa hutembea wakifuata kivuli cha ukuta, na sisi wauza mitumba tunayaleta mbele magauni mepesi, majaketi tunayasukuma chini ya meza yasubiri Juni na waendesha bodaboda. Kwa hiyo siku binti wa kaka yangu alipokuja moja kwa moja kibandani kutoka stendi, akapiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo shangazi, nimefuata nguo ya baridi," nilimwitikia marahaba, kisha nikamshika paji la uso.

Hakuwa na homa. Alikuwa na kazi, na kazi hiyo ilikuwa inamponyoka.

Baba yake analima tumbaku Urambo na alitaka abaki huko. Yeye akaenda Moshi, akawa mpagazi wa Kilimanjaro. Anabeba mahema, sufuria na viti vya wageni wanaopanda mlima kwa kulipia, jambo ambalo kaka yangu hadi leo hajalielewa. Kwake mtu anayelipa ili achoke ana tatizo la kifamilia. Safari yake ya kwanza binti alikwenda vizuri mpaka mvua ilipowakuta njiani. Alikuwa na fulana, sweta zito la pamba, na jaketi la jinzi juu. Alipanda akitoka jasho, akafika kambini, akatua mzigo, akasimama. Dakika chache baadaye hakuweza kufunga kamba ya hema. Vidole vilikataa. Mkuu wa msafara akamtazama, akamteremsha na mwenzake siku hiyo hiyo. Hakumgombeza. Alimwambia tu, "Kazi unaiweza. Nguo zako ndizo haziiwezi."

Akamwekea nafasi kwenye safari iliyokuwa inafuata, kwa sharti moja: aje na nguo ya kati inayoeleweka. Akija na zile zile, nafasi inachukuliwa na mwingine. Na mpagazi aliyeteremshwa mara mbili, aliniambia binti huku akiitazama soda niliyompa bila kuinywa, hakuna anayemchukua tena. Jina linatembea mlimani haraka kuliko miguu.

"Nguo ya kati ndiyo nini?" nikamuuliza. Mimi nimeuza nguo za ndani na nguo za nje. Ya kati sikuwahi kuisikia.

Akanieleza kwa vidole vitatu. Ya ndani ni nyembamba, kazi yake kuondoa jasho kwenye ngozi. Ya juu ni ya kuzuia upepo na mvua, na hiyo kampuni huwaazima. Ya kati ndiyo inayoshika joto. Hiyo mtu anajitafutia.

"Basi umefika," nikamwambia. "Ulaya wanapovua za baridi, wanavulia kwangu."

Nikavuta belo la majaketi kutoka chini ya meza. Nilikuwa nimekwisha kulihesabu lilipofika, nikalihesabu tena. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, ya pili kwa ajili yangu. Tukaanza kuchambua pale pale njiani, yeye akivaa na kuvua juani, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Watu wakawa wanapunguza mwendo.

"Mama, leo theluji inaanguka saa ngapi?" akauliza kijana mmoja wa bodaboda.

"Ikianguka wewe ndiye utakayenunua," nikamjibu. "Kwa bei ya Juni."

Kanuni yangu ya nguo za baridi ilikuwa ya mkono. Unaishika nguo, unaipima kwa kuinyanyua, ikikuvuta bega, hiyo ni mali. Wakulima wanaoamka alfajiri kuwahi soko la tumbaku wananunua kwa kanuni hiyo hiyo, na hakuna aliyewahi kunirudishia. Nikamchagulia sweta la kofia, la pamba, zito kama mtoto aliyesinzia. Akalinyanyua, akalirudisha mezani.

"Hili ndilo lililoniteremsha, shangazi."

"Lile lilikuwa hili?"

"Ndugu yake."

Nikampa jaketi lililovimba, lililojazwa manyoya ya bata, ambalo lingemfanya afanane na godoro lililofungwa kwa safari. Hilo alilisifu. Lina joto kuliko yote, alisema, na wageni huyavaa wakikaa kambini. Lakini manyoya yakilowa hushikana yakawa madonge, na yeye analowa kila siku, kama si mvua ni jasho. Akaliweka pembeni kwa adabu, kama mtu anayekataa posa ya mtu mwenye pesa.

Halafu akaingiza mkono chini kabisa ya belo na kutoa kisweta cha kijani kilichoiva. Kitambaa chake kilikuwa na manyoya mafupi ndani na nje, laini kama kifaranga. Kilikuwa na zipu ya kutoka kifuani mpaka chini ya kidevu, na kola ndefu. Hakikuwa hata cha sufu. Ni nyuzi za kiwandani, jamaa wa chupa za plastiki. Nikakishika. Mkono wangu haukuambiwa kitu. Niliwahi kushika vitambaa vya kichwa vizito kuliko kile.

"Hiki?" nikasema. "Mwanangu, hiki ni moshi."

"Ndicho wanachovaa waongozaji."

"Waongozaji wana mafuta mwilini."

Akacheka, lakini hakukiachia. Akakivaa. Akanyanyua mikono juu kuona kama kinapanda kiunoni, hakikupanda. Akapenyeza ngumi mbili kati ya kitambaa na tumbo, akasema inatosha, kikibana hakuna nafasi ya joto kukaa, kikipwaya upepo unaingia. Mimi nikaipandisha na kuishusha zipu, nikairudia. Ilikuwa nzima. Nikaona huyu binti ananunua vizuri kuliko alipokuwa anaondoka Urambo, ila anakosea jambo moja kubwa, na jambo hilo shangazi yake yuko hapa kulirekebisha.

Kwetu mtu anayesafiri mbali nguo yake haitoki hivi hivi. Inatiwa bitana. Mama yangu alitiwa bitana na mama yake, na mama yake alitiliwa na wale ambao bado walikumbuka misafara, wakati njia ya kutoka pwani kwenda Ujiji ilipokuwa inapita hapa na Wanyamwezi wakabeba pembe na vitambaa mpaka mabega yakaota sugu. Bitana ni kitambaa cha pamba, kizuri, cha nyumbani, kinashonwa kwa ndani ili nguo iwe na uzito na msafiri awe na kitu cha kwao kinachomgusa mwili. Na pembeni unaweka kijifuko cha siri. Hujamtia mtu bitana, hujamuaga.

Nikakipeleka kisweta kwa fundi cherehani aliye kibanda cha pili kutoka changu, mzee asiyependa maneno mengi isipokuwa ya kwake.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kinyamwezi, akikigeuza kisweta ndani nje, "hiki ukikipulizia kinaondoka."

"Ndiyo maana nimekuletea."

Alitoa khanga mbili nzito alizoachiwa na mteja ambaye hakurudi, akazishona kwa ndani, mgongo, kifua na mikono, kwa mshono mdogo mdogo wa kuheshimika. Akaweka kijifuko. Nilipokishika sasa bega langu liliitika. Binti alikivaa, akasema, "Kimekuwa kizito, shangazi." Nikamwambia ahsante ni kwa fundi. Hakubisha. Shangazi akikutia bitana unabishia wapi?

Lakini mimi ni mfanyabiashara, na kitu nisichokijaribu sikitoi mkononi. Redio naiwasha kabla sijailipia. Sasa baridi ya kujaribia sweta Tabora, mwezi wa kumi, inapatikana wapi?

Inapatikana kwenye kontena la barafu karibu na stesheni. Kuna mama mmoja wa Ujiji anayeuza samaki; migebuka inamjia kutoka Kigoma, sangara kutoka Mwanza, na yeye huwalaza wote humo mpaka wakauke kama kuni. Tunafahamiana miaka mingi, na katika miaka hiyo hajawahi kunipa bei ya kwanza wala mimi sijawahi kuikubali.

"Mnataka kuingia kwenye barafu yangu," akarudia, kama hakimu anayemsomea mtu shitaka, "kujaribu sweta."

"Ndiyo."

"Watu hujaribu sweta kwenye kioo."

"Kioo hakina baridi."

"Mkifungua mlango, samaki wangu wanajua kwamba ni Oktoba."

"Belo lijalo utachagua wa kwanza."

"Kabla yako?"

"Baada yangu."

"Basi mtatoka mkiwa bado mnahema," akasema, na akaenda kufungua komeo. Alisimama mlangoni muda wote na mkono kwenye kitasa. Alisema ni kwa ajili ya samaki.

Kwanza ilibidi binti atoke jasho, maana bila jasho jaribio lingekuwa la uongo. Nikafunga furushi la majaketi yasiyouzika, akajitwika kichwani juu ya ngata, akaanza kuzunguka uwanja wa stesheni juani akiwa amevaa fulana nyembamba na kisweta chenye bitana. Hapo ndipo nilipomwona akifanya kazi kwa mara ya kwanza. Nilikuwa namfahamu kama mtoto aliyekuwa akilala kwenye kochi langu likizo. Sasa alitembea shingo imesimama, magoti yamelegea kidogo, mkono mmoja umegusa mzigo bila kuushika, na mwendo wake haukuongezeka wala kupungua. Vijana walioanza kumtania walinyamaza mmoja mmoja. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za stesheni alivua kofia, akaiweka magotini. Sikumuuliza kwa nini. Nilihisi kama nimewahi kuuona mwendo ule, na sikuwahi kuuona; waliotembea hivyo walikufa kabla bibi yangu hajaota meno.

Alipoloa tukaingia. Mimi nilijitupia sweta la kofia, lile la pamba, ili nisiwe mtazamaji.

Baridi ya kweli haifanani na maelezo yake. Nilidhani itakuwa kama asubuhi ya Julai iliyozidishwa. Ilikuwa kitu kingine kabisa, kitu chenye mikono. Ilianza puani, ikakausha macho, ikaingia kwenye viatu kama mtu mwenye ufunguo. Tulisimama kati ya masanduku ya migebuka na pumzi zetu zikawa zinaonekana. Binti alisimama wima, ameikunja mikono, kama anavyosimama kambini baada ya kutua mzigo.

Mwanzoni alikuwa sawa. Nikaanza kuandaa maneno ya ushindi kwa niaba ya bitana. Halafu nikaona midomo yake inabadilika rangi. Taya likaanza kugonga. Akaninyooshea mkono ili aseme kitu, na vidole vikawa vimekunjika kama vya mtu aliyeshika kikombe kisichokuwepo.

Nikaingiza mkono wangu ndani ya kisweta. Khanga zilikuwa zimekunywa jasho lote la kuzunguka stesheni na kuligeuza maji ya kisima. Zilikuwa zimemgandia mgongoni. Nje ya zile khanga, yale manyoya ya kijani yalikuwa makavu, hayana habari, yamezuiwa kazi yao na ukuta wa maji tuliomjengea kwa mapenzi. Nami chini ya sweta langu zito, lililolowa kwapani tu, nilikuwa nasikia baridi mahali pale pale palipolowa.

Tukatoka. Jua likatupokea, na alitetemeka juani kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mama wa samaki alimfunika khanga yake ya kiunoni, akaenda kumletea chai ya tangawizi bila kutaja bei, jambo lililonitisha kuliko taya la binti. Nilikuwa nimeuona mlima. Sikuhitaji tena kuelezwa jinsi mtu anavyoshindwa kufunga kamba ya hema.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa?" nikamuuliza.

"Hivi, shangazi. Ila hakuna mlango."

Nikachukua wembe, nikakaa kwenye sanduku tupu la samaki, nikaanza kufumua. Mshono wa fundi ulikuwa mzuri kiasi kwamba kuukata kulikuwa kama utovu wa adabu. Nilikata wote, mgongo, kifua, mikono. Nikageuza na kupekua tena kuhakikisha hakuna uzi uliobaki. Hata kijifuko nilikitoa. Kilikuwa cha pamba nacho.

Kisweta kikarudi kuwa moshi. Kwa sababu jasho la bitana lilikuwa limekigusa, nilikichovya chote kwenye ndoo ya maji safi; kama ni jaribio liwe jaribio. Nikakikamua, nikakishika kwenye mabega, nikakikung'uta mara moja kwa nguvu. Maji yalitoka kama kuku anayejitikisa baada ya mvua. Nikakiweka shavuni. Kilikuwa na unyevu kidogo, basi. Pamba ingehitaji mchana mzima kwenye kamba.

Alipopata joto na kurudiwa na rangi yake alizunguka tena na furushi. Nilimwambia apumzike kwanza, akasema mlimani hakuna anayemwambia hivyo. Tukaingia mara ya pili. Zipu aliifungua alipokuwa anatembea, alipoingia akaipandisha mpaka kidevuni. Tukasimama. Mama wa samaki, mlangoni, alikuwa anaomba kimya kimya. Niliiona midomo yake.

Nilisubiri taya. Halikugonga. Nilisubiri midomo. Ilibaki ya kwake. Kisha nikaona kitu ambacho bado sijakimaliza moyoni: kwenye mwanga uliopenya mlangoni, mvuke mwembamba ulikuwa unatoka mabegani mwake. Jasho lilikuwa linapita kwenye kitambaa, linaondoka zake, na joto linabaki. Aliufungua mkono wake mbele yangu, akaukunja, akaufungua. Kidole kimoja kimoja.

Nikaingiza mkono ndani ya kisweta kama mwanzo. Ndani palikuwa na joto la kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Nilikishika kitambaa kati ya vidole viwili nikitafuta ni nini kinachofanya kazi hiyo, maana kitu lazima kiwepo. Hakikuwepo. Kulikuwa na manyoya machache, na katikati ya manyoya, hewa. Hewa ile ile iliyojaa pale kwenye kontena ikitaka kutuua, ila hii imekamatwa, imekalishwa kimya, ikashika joto la msichana wa Urambo. Miaka yote nilikuwa nauza nguo za baridi kwa uzito. Kumbe mali ilikuwa ni kile ambacho mkono wangu ulikiita hakuna.

"Shangazi," binti akasema, "toka wewe. Wewe ndiye unayetetemeka."

Aliondoka kesho yake. Nilimsindikiza stendi na sikuwa na bitana ya kumpa, nikajiona kama mtu aliyefika msibani mikono mitupu. Fundi, nilipomrudishia khanga zake zikiwa vipande, alizitazama, akasema, "Basi mwombee. Maombi hayanywi jasho." Nikamwombea kwa njia yangu, nikihesabu siku za kupanda na siku za kushuka, halafu nikizihesabu upya ili nione kama zitapungua.

Simu iliingia asubuhi nikiwa na mteja. Sauti yake ilikuwa imekauka, imechoka, na ndani yake kulikuwa na kicheko.

"Shikamoo shangazi. Tumeshuka. Wote."

"Na wewe umeshuka na wote, au kabla?"

"Na wote."

Akanieleza kwamba langoni mkuu wa msafara alimfungulisha begi, akakishika kisweta, akakigeuza ndani nje akitafuta kitu, akasema sawa. Kwamba mvua iliwapiga siku mbili. Kwamba mzigo wake ulipimwa kwenye mizani kama wa wanaume na haukupunguzwa, na safari ijayo jina lake limeshaandikwa. Nikasema vizuri, vizuri. Nilitaka akomee hapo, maana mteja alikuwa ananitazama.

Lakini aliendelea. Kambi ya juu kabisa, alisema, jua lilipochomoza mawingu yalikuwa chini yao, nchi nzima imefunikwa, yeye amesimama juu ya paa la kila mtu anayemjua. Alikuwa amevua jaketi la mvua ili alikung'ute. Akakitazama kisweta akaona kimekuwa cheupe, mikono na kifua. Alidhani ni unga wa uji umemmwagikia. Akapitisha kiganja, ukadondoka. Lilikuwa jasho lake mwenyewe. Lilitoka nje usiku kucha, tone kwa tone, likagandia kwenye ncha za manyoya.

"Na ndani?" nikauliza.

"Ndani pakavu, shangazi. Nilikuwa nimevaa barafu na sikuwa nasikia baridi. Nikakuita kwa jina lako pale, kwa sauti. Watu wakanishangaa."

Mteja aliyekuwa mbele yangu alinyanyua blauzi, akaipima kwa mkono, akauliza bei ya mwisho. Nikamwambia asubiri kidogo.

Akasubiri. Nilibaki nimeshika simu sikioni hata baada ya kukatika, macho yakiwa upande wa mashariki, juu ya mabati, mahali ambapo kutoka Tabora hakuna mlima wowote unaoonekana.